Tuache Kumsingizia Mungu: mapenzi yake na hiari yetu

(Hotuba kwa mkusanyiko wa pamoja wa wanafunzi wa vyuo na wafanyakazi Wakristo, Dodoma mjini, Jumamosi alasiri. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya waliokuwa zamu, safarini au msibani.)

Bwana Yesu asifiwe! Tumsifu Yesu Kristo! Na kwa wenyeji wetu, wenye mji: mbukwenyi!

Nimesalimia mara tatu kwa sababu nawaona. Nawaona wa vyama vya wanafunzi: wa TAFES pale mbele na madaftari yao, nawaona wa USCF, nawaona wa TMCS, wanafunzi Wakatoliki, waliokuja na padri wao kuhakikisha siwapotezi. Wako Walutheri, wako Waanglikana wenzangu, wako Wapentekoste, na wako wafanyakazi wa serikali mliohamia huku na ofisi zenu na mpaka leo mnalalamikia vumbi. Karibuni wote. Wazee wetu, baba wachungaji, mama zangu, shikamooni.

Mada niliyopewa ni kubwa kuliko mimi. Kama Mungu anatawala kila kitu, mwanadamu ana hiari gani? Na kama mwanadamu ana hiari, Mungu anatawala nini? Mwenyekiti wa kamati aliponipigia simu alisema, "Mwalimu, utatupa jibu kwa dakika arobaini." Nikacheka. Kanisa limebishana juu ya swali hili kwa zaidi ya miaka 1,600. Lakini lipo jambo moja ambalo nataka kulisema mapema, ili hata anayewahi daladala aondoke nalo: Mungu hakutufunulia utawala wake ili tujifiche nyuma yake. Biblia inamweka Mungu kwenye kiti cha enzi, na inamwachia mtu mikono yake, na mikono hiyo itaulizwa.

Twendeni msibani kwanza, maana huko ndiko tunakofundishana mambo ya Mungu bila kujua. Turubai limefungwa, wanaume wako kwenye viti vya kukodi, akina mama wako uani na masufuria. Msemaji wa familia anashika kipaza sauti: "Kazi ya Mungu haina makosa." Wote tunatikisa vichwa. Kijana amegongwa na pikipiki isiyo na taa, inakuja upande usio wake, dereva amelewa: kazi ya Mungu haina makosa. Mama amefia njiani akipelekwa kujifungua, kwa sababu wanaume wa boma lile walikaa kikao tangu jana yake wakijadili kama kuna haja ya kukodi gari: kazi ya Mungu haina makosa.

Jamani. Kazi ya Mungu haina makosa, kweli kabisa. Mimi nauliza tu: ile ilikuwa kazi ya Mungu?

Na tukitoka msibani twende kwa mtendaji wa kata. Huyu amekula fedha za kikundi, huyu amempa mimba binti wa shule. Anaulizwa, anainamisha kichwa: "Shetani alinipitia." Mmeona tulivyogawana? Lawama za msibani tunampa Mungu, lawama za ofisini tunampa shetani, na sisi wenyewe tunarudi nyumbani kula ugali bila doa lolote.

Wazee waliopo hapa wanaikumbuka tarehe 24 Juni 2002. Treni ya abiria ilikuwa inapanda kuja upande wetu, ikapata hitilafu ya breki, ikarudi kinyumenyume kwenye mteremko na kwenda kugongana na treni ya mizigo pale Igandu. Watu 281 walikufa. Inawezekana katika ukumbi huu yupo aliyempoteza mtu siku ile, kwa hiyo nalisema hili kwa adabu. Baada ya msiba wa namna ile watu huwa na maneno mawili ya haraka. Mmoja atasema, "Mungu alipanga." Mwingine atanong'ona, "Sijui walikuwa na dhambi gani."

Yesu aliwahi kulizungumzia jambo kama hilo. Luka 13. Mnara ulianguka Siloamu, ukaua watu kumi na wanane. Habari ya mjini. Yesu anauliza: mnadhani wale walikuwa wakosaji kuliko watu wote waliokaa Yerusalemu? Kisha anajibu mwenyewe: "Nawaambia, Sivyo, lakini msipotubu, ninyi nyote mtaangamia vivyo hivyo." Angalieni asichokisema. Haelezi kwa nini mnara ulianguka siku ile na saa ile. Hasemi Baba yake alikuwa amesinzia. Anafunga mlango wa kuwahukumu marehemu, kisha anawageukia walio hai.

Na walio hai wana kazi. Kwa mkaguzi wa magari, toba ni kukataa kusaini fomu ya basi ambalo hajaingia uvunguni mwake. Kwa dereva ni kulala usiku kabla ya safari. Kwa abiria, wewe na mimi, ni kuacha kumshangilia dereva anayeyapita malori kwenye kona za Kibaigwa kwa sababu tunawahi kufika. Tunamaliza kumshangilia, tunapinduka, halafu tunasema Mungu amependa.

Najua kuna anayesema moyoni, "Lakini mwalimu, Ayubu alisema Bwana alitoa na Bwana ametwaa." Alisema. Lakini alisema Ayubu mwenyewe, kwa kinywa chake, juu ya watoto wake, akiwa ameanguka chini na nguo zimeraruliwa. Hakuna jirani aliyekuja kumsemea. Rafiki zake waliokuja wakakaa naye siku saba bila kusema neno walifanya vizuri sana. Waliharibu walipofungua midomo kumfafanulia mipango ya Mungu, na mwisho wa kitabu Mungu aliwakasirikia hao wafafanuzi. Mfiwa akisema "Bwana ametwaa", hiyo ni ibada. Ukisema wewe kumnyamazisha asiulize dereva alikuwa na leseni au hana, hiyo ni kitu kingine.

Sasa sisemi kwamba Mungu hakuwepo. Nisieleweke vibaya, maana kuna wenye simu wananirekodi. Petro, siku ya Pentekoste, Matendo 2:23, anasema juu ya Yesu kwamba alitolewa "kwa shauri la Mungu lililokusudiwa", na hajameza mate anaendelea: "ninyi mkamsulibisha kwa mikono ya watu wabaya". Sentensi ni hiyo hiyo. Msalaba ulikusudiwa na Mungu. Msalaba ulikuwa uhalifu wa watu. Petro hapunguzi la kwanza ili la pili lipate nafasi, na hakuna mtu katika umati ule aliyejibu, "Kama Mungu alikusudia, basi sisi hatuna kosa." Walichomwa mioyo, wakauliza, tufanye nini?

Ndugu zangu, fungueni Matendo 27. Wahubiri wengi huiruka sura hii kwa sababu ina bandari nyingi na haina muujiza wa kupigia makofi. Mimi naipenda kuliko karibu sura zote za kitabu kile.

Paulo ni mfungwa, anapelekwa Rumi chini ya akida aitwaye Yulio, ndani ya merikebu ya Iskanderia iliyopakia ngano. Paulo anawaonya: msing'oe nanga, msimu umepita. Akida anamsikiliza nahodha na mwenye merikebu kuliko Paulo. Hiyo nayo ni hiari, na ni hiari ya kipumbavu. Wanaondoka, tufani inawapiga, siku nyingi hawaoni jua wala nyota. Wanatupa shehena, wanatupa vyombo vya merikebu, wanakata tamaa. Ndipo malaika anamtokea Paulo usiku: Mungu amekupa watu wote wanaosafiri pamoja nawe. Paulo anawatangazia: hapana hata mmoja wenu atakayepotea, ila merikebu tu.

Sikilizeni hiyo ahadi. Haina "kama". Haina "endapo". Mungu amesema, imekwisha.

Usiku wa kumi na nne mabaharia wanahisi nchi kavu iko karibu. Wanapima kina: pima ishirini. Wanasogea kidogo, wanapima tena: pima kumi na tano. Wanaogopa miamba, wanatupa nanga nne za nyuma, wanaomba kuche. Halafu wale mabaharia, watu pekee wanaojua kazi ya chombo, wanashusha mashua ndogo gizani wakijifanya wanakwenda kutupa nanga za mbele. Wanatoroka! Paulo anawaona. Anamwambia akida na askari: "Hawa wasipokaa ndani ya merikebu hamtaweza kuokoka."

Subiri kidogo, Paulo. Si wewe uliyesema hakuna atakayepotea? Malaika hakusema? Sasa hii "wasipokaa" imetoka wapi?

Mngekuwa nyinyi mngemwambia nini? Mngemwambia, "Mtumishi, imani yako imeshuka." Kuna wahubiri wangemkemea pale pale. Lakini Paulo haoni mgongano wowote. Kwa Paulo, Mungu aliyeahidi kwamba watafika ndiye aliyeweka ndani ya merikebu ile watu wanaojua kushika usukani, na kumwacha baharia atoroke ni kuchezea ahadi yenyewe. Askari hawakuanza mjadala. Walitoa panga, wakakata kamba za mashua, ikaanguka baharini.

Kisha Paulo anawaambia kuleni, mna siku kumi na nne hamjala. Anatwaa mkate, anashukuru, anaumega. Walikuwa watu 276. Asubuhi merikebu inakwama, nyuma inavunjika kwa nguvu ya mawimbi, askari wanataka kuwaua wafungwa wasikimbie, na akida anawazuia kwa sababu anataka kumponya Paulo. Anayejua kuogelea anaruka kwanza. Waliobaki, wengine juu ya mbao, wengine juu ya vipande vya merikebu. Na wote wakafika.

Hebu mtazameni mtu mmoja tu kati ya hao. Amekumbatia ubao, mikono imechubuka, anatapika maji ya chumvi kwenye mchanga wa Melita, anatetemeka kwa baridi na mvua. Huyo ndiye ahadi ya malaika iliyotimia. Hakubebwa na mabawa. Alipiga miguu mpaka pwani, na bado kila neno ambalo malaika alisema lilikuwa kweli.

Sasa niulizeni swali ambalo vijana huniuliza sana: katika wokovu wa wale watu 276, Mungu alifanya asilimia ngapi na watu asilimia ngapi? Hamsini kwa hamsini? Tisini kwa kumi?

Wenye mashamba Hombolo, Mpunguzi na Chinangali watanielewa upesi hapa. Mzabibu kwetu hauna baridi kali ya kuulaza kama kule Ulaya. Usipoupogoa unaendelea kurefusha matawi na kutoa majani. Mkasi wako ndio unaouamsha, ndiyo maana tunaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Mkulima aliyeacha kupogoa kwa kuwa ana imani, atauza majani. Lakini huyo aliyepogoa vizuri, hata akeshe shambani na tochi, hana uwezo wa kulichomoza chipukizi hata moja. Zabibu zile ukizigawa, zako ngapi na za Mungu ngapi? Swali lenyewe limekaa vibaya. Mungu na mtu si wabia wa duka moja, kwamba akiongeza huyu hisa, za yule zinapungua. Paulo anaandika Wafilipi 2: utimizeni wokovu wenu wenyewe kwa kuogopa na kutetemeka. Kwa nini? "Kwa maana ndiye Mungu atendaye kazi ndani yenu, kutaka kwenu na kutenda kwenu." Hakusema timizeni, ingawa Mungu anatenda. Alisema kwa maana Mungu anatenda. Kazi ya Mungu ndiyo sababu ya wewe kuinuka.

Na kwa kuwa nimeshaingia shambani, niseme la mvua halafu nitoke. Mkoa huu una msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, na mvua yenyewe ni chache. Kila mwaka tunafunga na kuomba mvua. Vizuri sana, tuendelee. Lakini tukitoka kwenye maombi tunapanda nini? Mahindi! Mtama na uwele, ambavyo babu zetu Wagogo walivijua kuwa vinastahimili, tunaona ni vyakula vya kizamani. Ikifika Machi jua linayakausha mahindi, tunaanza: Mungu ametujaribu. Yakobo 1:13 anakataza kabisa kusema hivyo juu ya vishawishi vyetu, nadhani na kwenye mbegu angekataza. Na wale wa Kondoa mnajua: ardhi ilikatika makorongo kiasi kwamba serikali ilianzisha hifadhi ya ardhi, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika zaidi. Wafugaji waliumia, tusifiche hilo. Lakini majani yalirudi na miti ikarudi. Mvua haikubadilika, mikono ya watu ndiyo iliyobadilika.

Nije kwa vijana, maana nawaona mmeanza kusinzia. Kuoa na kuolewa.

Dada mmoja wa kwaya alikuja kwangu analia. Kaka mmoja amemwambia, "Mungu amenionyesha wewe ni mke wangu." Yeye hampendi. Anaogopa akikataa atakuwa amemkataa Mungu. Nikamuuliza, "Mwanangu, na wewe Mungu amekuonyesha nini?" Akasema, "Hajanionyesha kitu." Nikamwambia, basi kamwambie huyo kaka asubiri mpaka Mungu amalize kuonyesha. (Makofi ya akina dada hapa yalikuwa mengi kuliko ya akina kaka.)

Mnajua Paulo anamwambia nini mjane katika 1 Wakorintho 7:39? Kwamba mumewe akifa, yuko huru kuolewa na mtu yeyote amtakaye, katika Bwana tu. Amtakaye! Mtume anaandika hivyo. Mtume yule yule aliyeandika Warumi 9, kwamba Mungu humrehemu amtakaye, ndiye anayemwambia mama mjane: chagua. Ameweka mpaka mmoja, katika Bwana, na ndani ya mpaka huo akamwachia moyo wake na akili zake. Mungu anayetawala mataifa haoni shida wewe kuwa na matakwa. Anayetumia jina lake kumfunga mdomo binti wa watu, huyo anataka kuwa Mungu mdogo.

Kwa hiyo tumekosea kwa kulala. Lakini upo upande wa pili, na mjini hapa unakua haraka. Siku hizi kuna semina za kiingilio, ukumbi umepambwa, mtu amevaa suti inayong'aa anawaambia: hatima yako iko mikononi mwako, ukiamua umeweza, maskini amechagua umaskini. Na tunampigia makofi na kusema amina, kana kwamba ni Injili.

Nendeni mkamwambie hivyo jirani yangu. Kila Jumatatu anaapa. Anamwapia mkewe, anamwapia mchungaji, ameshawahi kuapa mbele yangu ameshika Biblia. Na anamaanisha, haigizi. Ikifika Ijumaa, mshahara ukiingia kwenye simu, miguu inajipeleka yenyewe kwenye kilabu cha pombe. Mwambie "ukiamua umeweza". Ameamua mara ngapi? Paulo anamjua mtu huyu, Warumi 7: lile jema nilipendalo silitendi, bali lile baya nisilolipenda ndilo nilitendalo. Hiari ya mtu ipo, lakini ni mgonjwa. Wengine wamesema ni mfungwa kabisa.

Na mabishano haya yalianza kupamba moto Afrika, bara letu, vijana mlijue hilo. Augustino, askofu wa Hippo, Algeria ya leo, aliyezaliwa mwaka 354, aliomba hivi: Ee Mungu, toa unachoagiza, kisha uagize utakacho. Pelagio, mtawa kutoka Uingereza, alipoyasikia maneno hayo kule Rumi alichukizwa sana. Alisema, ukiwafundisha watu hivyo watalala: Mungu hawezi kuagiza kisichowezekana, mtu ana uwezo wa kutii, atii. Msimcheke Pelagio. Alikuwa anawatazama Wakristo wazembe wa mjini, na hasira yake naielewa. Lakini mtaguso wa Karthago, mwaka 418, ulikataa mafundisho hayo, kwa sababu yanamwacha jirani yangu na kiapo chake cha Jumatatu tu.

Sasa sikieni kilichofuata. Baadaye, kwenye miaka ya 426 na 427 hivi, watawa wa Hadrumeto, huko Tunisia, waliyasoma maandishi ya Augustino wakafika kule kule Pelagio alikokuogopa. Wakaanza kusema: kama kutaka kwangu kunatoka kwa Mungu, mkuu wa nyumba ya watawa asinikemee nikikosa, aniombee tu, anyamaze. Mnawatambua? Ni sisi hawa! Augustino akawaandikia vitabu viwili. Akawaeleza kwamba neema haiondoi hiari bali inaiponya, na kwamba karipio lenyewe ni mojawapo ya njia ambazo Mungu huzitumia kumgeuza mtu. Ukikataa kukemewa kwa sababu Mungu anatawala, umeutupa mkono ambao Mungu amekunyooshea.

Baada ya hapo vita viliendelea, nitavipita haraka. Erasmo akiitetea hiari na Luther akisema imefungwa, waliandikiana, 1524 na 1525. Wafuasi wa Arminio, waliosema mtu anaweza kuipinga neema, waliwasilisha hoja zao Uholanzi mwaka 1610, wafuasi wa Calvin wakazikataa katika sinodi ya Dort, 1618 hadi 1619. Wakatoliki nao, msijione salama: Wadominiko na Wajesuiti, mashirika yao mawili, walibishana juu ya neema na hiari mbele ya mapapa kwa miaka mingi, mpaka Papa Paulo V mwaka 1607 alipowarudisha nyumbani bila kutoa hukumu, akazikataza pande zote mbili kuitana wazushi. Mimi naona ule ni uamuzi wa busara kuliko mwingi uliowahi kutolewa.

Kanisa langu la Anglikana lina kanuni 39, zilizokamilishwa mwaka 1571. Ya 17 ni juu ya Mungu kuchagua watu tangu awali. Inasema fundisho hilo ni faraja tamu kwa wamchao Mungu, kisha inaonya kwamba kwa mtu wa mwili, mdadisi, ni hatari: litamsukuma akate tamaa, au ajitupe kwenye uchafu bila kujali. Fundisho ni moja, matumizi ni mawili. Na ndani ya kanisa hilo hilo walitokea wahubiri Wesley na Whitefield, marafiki tangu Oxford, wakagombana juu ya jambo hili mwaka 1739 na 1740 mpaka wakaandikiana hadharani. Whitefield alipofariki mwaka 1770, aliyehubiri ibada ya kumkumbuka kule London alikuwa Wesley. Nyinyi wa vyuo mnaokatana kwenye makundi ya WhatsApp mpaka mnaondoana, naomba mlisikie hilo.

Farao. Najua mnaningoja hapo. "Mungu alimfanya mgumu, sasa kosa lake nini?" Someni Kutoka kwa utaratibu. Mungu alimwambia Musa mapema kwamba ataufanya moyo wa Farao kuwa mgumu, hilo lipo, sura ya 4. Lakini mapigo yanapoanza, la kwanza, la pili, mpaka la tano, tunasoma kwamba moyo wake ukawa mgumu, au yeye mwenyewe aliufanya mzito. Ni pigo la sita, majipu, 9:12, ndipo tunasoma BWANA aliufanya mgumu. Mtu aling'ang'ania mlango ufungwe, mwisho Mungu akaufunga. Je, hilo linamaliza swali? Halimalizi. Warumi 9 ipo, na Paulo pale anamwuliza mwulizaji, wewe u nani? Mimi sitajifanya nimekaa kwenye baraza ambalo Paulo mwenyewe aliliogopa.

La mwisho, kisha maswali. Binti mmoja ameniandikia karatasi: "Kama Mungu ameshapanga, kwa nini niombe?"

Mwanangu, soma 2 Wafalme 20. Hezekia anaumwa. Nabii Isaya anamjia na neno la BWANA: tengeneza mambo ya nyumba yako, utakufa. Hezekia anageukia ukutani, analia, anaomba. Isaya hajatoka hata nje ya mji, neno linamrudia: rudi ukamwambie nimesikia maombi yake, nimeyaona machozi yake, namwongezea miaka kumi na mitano. Basi angalia mstari wa 7. Nabii ameshatangaza uponyaji, ahadi imeshatoka kinywani mwa Mungu, na Isaya anasema: twaeni mkate wa tini. Wakautwaa, wakauweka juu ya jipu, naye akapona. Maombi yamo, ahadi imo, dawa imo, na aliyeagiza dawa ni yule yule aliyeleta neno.

Nayasema haya kwa sababu najua katika mikusanyiko yetu kuna watu wameambiwa wakiendelea na dawa ni ishara ya kutoamini. Wa kisukari, wa presha, wanaotumia dawa za kufubaza virusi. Nimezika watu wa namna hiyo, na makaburini nikasikia tena kwamba kazi ya Mungu haina makosa.

Sasa ni saa kumi. Wenye vidonge vya saa kumi kwenye mikoba, maji yapo pale mlangoni, mezeni kwanza. Kisha mnyooshe mikono. Naanza na mama wa kitenge cha bluu pale nyuma, maana tangu nilipomtaja Farao hajaushusha mkono wake.